Maganda ya Pasua

Mtaa unaitwa Pasua, na kila jioni
Chitanda analitii jina lake:
yai ukingoni mwa karai, ta!
Ute na kiini vinatumbukia kwenye chipsi,
ganda linatumbukia kwenye ndoo yangu.
Wateja hunitazama. Dada mzima na miwani yake,
kazi yake kuokota maganda.
Wengine wanadhani nafuga kuku.
Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini
kama ni dawa ya wanaume.
Nikamwambia ni ya mifupa. Akasikitika.

Huku maabara naosha. Nabandua utando kwa ukucha,
ganda moja moja, kama anayemvua mtoto soksi.
Kisha tanuri, nyuzi mia tisa.
Umeme ukikatika kwenye mia saba
nakaa gizani, natukana kwa Kichaga,
kesho naanza upya.
Kinachobaki ni chokaa, nyeupe ya kuumiza macho.
Naidondoshea asidi, tone, tone, tone
(ukiiharakisha inanuna),
nailaza usiku kucha,
na asubuhi chini ya chupa imetuama
poda ile ile iliyomo gotini mwako
wewe unayesoma.

Halafu natia sukari. Ndiyo, sukari,
ya mashamba ya Arusha Chini, chenga kwa chenga.
Nashindilia, narudisha tanurini.
Sukari inaungua, inaacha vyumba vyake wazi.
Humo ndimo damu itakamopita.
Mfupa haupendi ukuta, unapenda nyumba.

Mafundi wa ghorofa lile karibu na stendi
wanaijua kazi hii bila kuisomea:
mirunda husimamishwa ili iondolewe.
Kipande changu nacho, kikishauonyesha mfupa njia,
huliwa kidogo kidogo,
na aliyekila ndiye anayekaa mahali pake.
Sungura namba nne alitumia wiki kumi na mbili.
Kwenye picha nilitafuta ganda, sikuliona.
Niliona sungura tu.

Anaeli, kaka yangu, alivunjika hapo hapo Pasua.
Pikipiki, fuso, mvua ya Aprili.
Muundi. Pengo la sentimita tatu.
Sasa mguu wake umezungukwa na vyuma kwa nje
kama redio iliyofunguliwa, fundi akasafiri.
Jumapili nilimpelekea kipande, sawa na kete ya drafti.
Akakipima kiganjani. "Chepesi hivi?"
Na kabla sijamzuia, akakilamba.
Kikanata.
Kitu chenye vitundu hunyonya mate,
hata mfupa mkavu hukushika hivyo hivyo.
Akabaki ametoa ulimi, kipande kinaning'inia,
anacheka kwa pua, na vyuma vyote vinacheka naye.

Alipokibandua akauliza:
"Kwa hiyo zile chipsi nilizokula zinarudi mguuni?"
Nikasema, si mguuni mwako.
Kuna sungura wengine, kuna mbuzi, kuna kamati,
kuna mihuri, kuna miaka.
Akakifuta kwa shati, akanirudishia,
akavuta blanketi hadi kiunoni.
Mimi ninayejua asidi ile inataka matone mangapi
sikujua kimya kile kinataka mangapi.

Leo ndoo imenitangulia mlangoni mwa maabara,
imefunikwa kwa gazeti,
na juu yake mwandiko ninaoujua, uliolalia upande:
Kumi na tisa. La ishirini lilikuwa viza, nimeliacha.
Chitanda kanipa kiti.
Napasua mwenyewe.